Mkanda Ambao Dada Anatunza

Shughuli nzima imenigharimu shilingi laki moja, elfu themanini na saba na mia tano. Nimejumlisha mara mbili. Mara ya kwanza ilikuja laki moja na elfu themanini na sita kamili, nikajua ama nimeibiwa ama nimesahau, na mimi kuniibia si kazi nyepesi. Nikakaa, nikakumbuka machungwa ya elfu moja na mia tano niliyonunua Muheza nikisubiri gari. Nayo yamo kwenye hesabu. Nisingekuwa Muheza kama si dada yangu.

Kwa fedha hiyo nimepata sekunde kumi na moja za dada yangu akitembea ukumbini. Kila sekunde imenitoka elfu kumi na saba na ushei, ghali kuliko doti yoyote ya khanga niliyowahi kumuuzia mtu, na mimi nimewauzia watu.

Dada yuko Maskati. Aliondoka Tanga miaka kumi na minane iliyopita kwenda kufanya kazi za ndani, akaolewa huko huko, akatulia. Amerudi mara mbili, zote kwa msiba. Kila Ijumaa baada ya adhuhuri tunazungumza kwenye simu, na sauti yake naijua mpaka anavyovuta pumzi kabla ya kunisema. Sura ndiyo sina. Dada hataki picha. Si kiburi, ameshika dini, na akishika kitu huwa anakishika kwa mikono miwili. Picha zake zote zilizokuwa ukutani kwa marehemu mama, alipokuja kwenye msiba wa pili alizibandua mwenyewe, taratibu, akaziweka begini akaondoka nazo. Simu ya video anapokea, lakini kamera anaielekeza sakafuni. Zulia la dada yangu nalijua kuliko uso wake wa sasa: jekundu, lina maua meupe, na pembeni pameungua kwa pasi.

Sasa Ijumaa moja kabla ya Ramadhani nilikuwa Horohoro, kwenye foleni ya ushuru na mabelo yangu ya vitenge kutoka Mombasa, malori yananguruma mbele na nyuma. Simu ikaita.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Nimepata. Mwaka huu naenda hija."

Nilipiga kigelegele pale pale. Ofisa wa ushuru akanigeukia, nadhani aliona mtu anayefurahi kwenye foleni ile lazima ana jambo la kuficha. Akaja akafungua belo langu la pili.

"Unanisikia?" dada akasema. "Kuna kitu kinanikaa moyoni. Ule mkanda wetu wa nyimbo, wa deki, unaukumbuka?"

"Nitausahau vipi! Ule ambao unamtunza mwimbaji?"

"Huo huo. Nataka kabla sijaondoka uu—" Lori likapiga honi. "—tafute." Ndivyo nilivyosikia.

"Niutafute?"

"Eeh, mdogo wangu. Nifanyie hilo."

"Usitie shaka dada, nitautafuta."

"Mungu akulipe. Umenitua mzigo."

Simu ikakatika. Ofisa ananiuliza kitenge kimoja yadi ngapi, mimi machozi yananitoka, akadhani nalilia ushuru, akanipunguzia. Sikumsahihisha.

Niuelezee mkanda wenyewe. Tulipokuwa wasichana Makorora, dada alikuwa anashona nguo, na fedha ya kwanza ya maana aliyopata alinunua deki ya kutumia mikanda mikubwa. Televisheni tulikuwa nayo, ile ya kichogo. Antena ilikuwa juu ya bomba refu la chuma nje ya dirisha. Ukiligeuza bomba huku unadaka Unguja na Pemba, ukiligeuza kule unadaka Mombasa. Kazi ya bomba ilikuwa yangu. Kazi ya kidole kwenye kitufe cha kurekodi ilikuwa ya dada, kwa sababu deki ni yake.

"Geuza! Geuza tena! Umepitiliza!"

"Nimepitiliza wapi? Nimegusa tu."

"Umegusa mpaka umefika Lamu! Chengachenga tupu huku! Rudi!"

Mawingu yakitanda, mkono wangu una kutu, dada ndani anapiga kelele, na wimbo wenyewe wa dakika nne unakwisha. Hivyo ndivyo tulivyokusanya nyimbo zetu, moja moja, kila Jumamosi kipindi cha muziki kikianza. Taarabu, dansi, na hao vijana wa kufokafoka waliokuwa ndio kwanza wanatokea.

Tuligombana jambo moja tu. Deki ile ilikuwa na mwendo wa kawaida na mwendo wa polepole. Ukiweka polepole, mkanda wa saa tatu unabeba saa sita, ila picha inakuwa kama unaangalia kupitia chandarua. Mimi nilitaka polepole. Mkanda ni bei moja, nyimbo maradufu, kuna la kufikiri hapo? Dada akakataa katakata. "Nyimbo chache zinazoonekana," akasema, "kuliko vivuli vingi vya watu nisiowajua." Deki ni yake. Tukaweka mwendo wa kawaida, na leo ndiyo ninashukuru.

Halafu kundi moja la taarabu la hapa mjini likapanga kurekodi wimbo wake kwa video, mchana, ukumbini, na likatangaza wanawake waje wamependeza wajaze viti. Dada akashona gauni la kijani kwa siku mbili. Alikuwa na noti moja tu ya kumtunza mwimbaji, akaivunja iwe noti ndogo nyingi ili apate kuinuka zaidi ya mara moja. Nilimwambia huo ni ujanja wangu, kaupata wapi. Akasema, "Kwani nimelala na nani chumba kimoja miaka yote hii?"

Mimi sikukaa kwenye viti. Nilisimama nyuma ya kamera, karibu kabisa na bega la mpiga picha, nione vizuri. Ubeti wa tatu ulipoanza dada akainuka. Anakuja polepole, noti zimefunguliwa kama kipepeo, shingo imelegea, na chini, jamani, gagulo limechungulia nje ya gauni. Jeupe pee. Sikuweza kuvumilia. Nikaita: "Dada! Gagulo!"

Akageuza uso. Akaniangalia. Jicho moja kali la kunisema, na hapo hapo mdomo ukamshinda, akacheka, ule mwanya wake wa mbele ukaonekana wote. Kisha akavuta gauni kwa mkono mmoja kama sehemu ya mchezo, akamtunza mwimbaji, akarudi kukaa.

Wimbo ulipotoka kwenye televisheni, waliacha kipande chote hicho. Sauti yangu haimo, wimbo umeifunika. Linaloonekana ni mwanamke wa kijani anayegeuka ghafla na kuitazama kamera kwa jicho na tabasamu la namna ile. Makorora nzima ikasema jicho lile lilikuwa la mpiga picha. Mpiga picha mwenyewe aliamini, akatuma wazee kuja kuposa. Baba aliwanywesha chai akawarudisha.

Basi nikautafuta mkanda. Kumbukumbu zangu zilinipeleka kwa jirani yetu wa zamani, Mshambaa, Mlutheri, aliyeolewa na mfanyakazi wa huko Amani. Alikuwa ameuazima kabla dada hajasafiri. Nikapanda mpaka Muheza, nikala machungwa yangu, nikapata gari la kupanda milimani. Amani kuna baridi na ukungu, na ukungu ule haubaki nje tu. Jirani alinikumbatia, akanipa chai na viazi, na mkanda akautoa kabatini, ameuviringisha kwenye kitenge cha kwaya yao. Ndani ya kile kidirisha cha mkanda niliona utando mweupe kama wa mkate uliosahauliwa.

"Mwenzangu," akasema, hanitazami usoni, "kuna neno nikwambie. Kuna kwaya humo."

"Kwaya gani?"

"Yetu. Ile mikanda mipya ilikuwa haipatikani. Kile kijino cha nyuma kilikuwa kimevunjwa ili usirekodiwe, nikaziba kwa karatasi. Lakini nilianzia mwisho! Mwanzo sikuugusa."

"Dada yuko wimbo wa kumi na tisa. Huo ni mwanzo au mwisho?"

Akafikiri. "Ni katikati," akasema, na akaniongezea kiazi.

Nilishuka mlimani na mkanda kifuani. Sikujua kama nimembeba dada yangu au soprano wa Amani.

Fundi niliyempata yuko Ngamiani, kibanda cha kuingizia watu nyimbo kwenye simu. Kijana, nywele amechora mistari, ana kompyuta mbili, na deki ya zamani ameihifadhi chini ya meza. Akaufungua mkanda kwa bisibisi, akaona ukungu, akapiga mluzi.

"Mama, huu mkanda ulikuwa umezikwa?"

"Ulikuwa Amani."

"Ndiyo nasema. Kusafisha elfu ishirini. Kuhamisha, elfu mbili kila wimbo."

"Elfu mbili kwa wimbo! Kwani unaimba wewe?"

"Mama yangu, lazima nikae nao mpaka uishe. Deki haina haraka."

"Basi unasikiliza muziki bure siku nzima, na unataka nikulipe. Kusafisha kumi, mkanda wote thelathini, na kwaya usihamishe."

"Kwaya nzuri lakini," akasema. Tukamaliza kwa arobaini na mbili.

Sasa akaniuliza, anihamishie kwenye nini. Hapo ndipo nilipokaa kwenye benchi lake mpaka alasiri, maana nilijua nikikosea hapa ndiyo basi. Alikuwa na jibu kwa kila kitu.

"DVD?"

"Mama, nani ana deki ya DVD siku hizi?"

"Mimi."

"Ikifa utanunua wapi? Na hizo sahani zinachubuka, zinaota madoa kwa hewa yetu hii ya chumvi."

"Flashi basi."

"Flashi ni nzuri. Ila wanangu wawili wameshaimeza yao."

"Wameimeza?"

"Wameipoteza. Ni kitu kimoja. Weka kwenye simu."

"Simu nimeibiwa tatu."

"Basi weka mtandaoni. Haipotei milele, hata ukifa ipo."

"Ipo wapi?"

"Ipo tu. Hewani."

"Na kodi ya hewani nalipa kila mwezi?"

"Kidogo."

"Nisipolipa?"

Akacheka. "Haya mama, umeshinda. Nikuwekee kwenye nini?"

Nikamwambia kwenye DVD na kwenye flashi na kwenye simu. Bei ya tatu nilipatana kama mbili. Hewani sikutaka. Kitu cha dada yangu nataka nijue kiko kabati gani.

Kisha akaucheza. Wimbo wa kumi na nane ukaisha. Chengachenga. Mistari ikapanda na kushuka. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Taarabu ikaanza, ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kutoka upande wa kushoto akaingia mwanamke wa kijani. Fundi akaacha kuchezea simu yake. Dada akatembea. Dada akageuka. Akaniangalia.

Sikuwa nimeangaliwa hivyo kwa miaka kumi na minane.

"Huyu mama alimpenda mpiga picha," fundi akasema.

"Nyamaza," nikamwambia, "rudisha nyuma."

Alirudisha nyuma mara ngapi sikuhesabu, na anayenijua ataelewa maana ya hilo. Baada ya wimbo ule kuisha, ukaja mmoja na nusu, na katikati ya nusu kwaya ya Amani ikaingia kwa nguvu zote.

Nyumbani niliununulia mkanda deki ya mtumba, elfu sitini, kwa tamaa tu, ili nimwone kama zamani, kwenye kichogo kilichobaki. Wiki nzima nikila chakula cha jioni na dada. Kuna siku nilimjibu. Na katika wiki hiyo aliniuliza kwenye simu, kwa uangalifu, kama mtu anayeuliza habari ya mgonjwa:

"Ile kazi, vipi?"

"Tayari dada. Nimemaliza."

"Alhamdulillahi." Nikamsikia analia kidogo. "Hujui ulivyonipumzisha."

Nikasema moyoni, kumbe naye anajikumbuka. Kumbe kule kwenye zulia jekundu naye ana hamu ya yule msichana. Fundi alikuwa amenikatia kile kipande peke yake kwenye simu. Nikamtumia.

Alipiga baada ya dakika chache. Hakusalimia.

"Umenifanya nini?"

"Nini tena dada? Si ulisema niutafute?"

"Nilisema uufute!"

Nilikaa kitini. Kuna herufi mbili tu kati ya neno lake na langu, na honi ya lori ilikuwa imekaa katikati yake. Nikamweleza Horohoro, malori, foleni. Akanisikiliza mpaka mwisho, na ninavyomjua, angekuwa dada wa zamani angenisema hadi simu ipate moto. Huyu hakunisema. Alisema polepole:

"Mdogo wangu, mimi naenda kusimama Arafa niombe nisamehewe. Nimelipa deni, nimeomba radhi kwa kila niliyemkumbuka. Kitu kimoja tu kimebaki ambacho kinatembea bila mimi. Jicho lile. Nikifa leo, kesho kuna mwanaume ataliangalia. Na mimi kaburini nitaandikiwa dhambi."

"Dada, lile jicho si la mwanaume. Ulikuwa unaniangalia mimi. Gagulo lilikuwa limetoka, nikakuita."

Nilisikia feni ya nyumbani kwake.

"Sikumbuki," akasema.

"Mimi nakumbuka."

"Na anayeangalia atajuaje?"

Kwa mara ya kwanza maishani mtu ametaja bei nami nikakosa cha kusema.

Kwa hiyo nimefuta. DVD nimeivunja kwenye kinu. Flashi nimeifuta kwenye kompyuta ya fundi, yeye mwenyewe akiwa ananiuliza, "Mama una uhakika? Si ulilia hapa?" Na kompyuta yake pia, kwa sababu kijana yule alikuwa amejiwekea nakala kwenye nyimbo za zamani anazowauzia watu. Nilimsimamia akaifuta, nikamwambia afungue tena nione kama kweli haipo, kisha nikamwambia arudie. Ya kwenye simu yangu nimeifuta kwa kidole changu. Ile niliyomtumia, dada aliifuta mwenyewe.

Ukabaki mkanda wenyewe. Ijumaa iliyopita, kwenye simu ya video, nilimwambia ukweli, maana siwezi kumdanganya mtu anayekwenda Makka, hata kama uongo ningeupata kwa bei nzuri.

"Dada, mkanda upo. Vingine vyote vimekwenda."

Nikasikia ile pumzi anayovuta kabla ya kunisema. Lakini alisema hivi: "Huo nakuachia. Ukiufuta, nitaondoka moyo mweupe. Usipoufuta, mimi nimekuradhi, wewe ni mdogo wangu. Ila usiniambie umefanya lipi mpaka nirudi."

Zulia jekundu likatikisika kidogo. Alikuwa amesimama. Nilidhani labda, kwa sababu ya safari, atainua kamera hata kidogo, hata kidevu. Hakuinua.

Anaondoka Alhamisi. Leo Jumanne. Deki iko mezani, mkanda uko ndani, wimbo wa kumi na nane umeisha na nimesimamisha hapo, kwenye chengachenga. Kitufe cha kurekodi kiko karibu na cha kuchezesha. Nikibonyeza cha kurekodi, mkanda utapita pale pale dada alipopita, ila yeye hatakuwepo.

Nimeuliza watu wawili hapa mtaani. Mmoja kaniambia amri ya dada ni amri ya mama. Mwingine kaniambia ameshasema ameniradhi, kwa hiyo niweke chini ya godoro nikae kimya. Wote wawili wana dada zao karibu, wanawaona kila siku, sidhani kama wanajua ninachouliza.

Basi nakuuliza wewe uliyesoma mpaka hapa, hasa kama una ndugu wa mbali ambaye sura yake unaisikia tu kwenye sauti. Mtu akikuachia kitu chake mwenyewe uamue, na anachokipenda unakijua, na unachokipenda wewe nacho unakijua, unafanyaje? Niufute kabla ya Alhamisi? Au niuangalie mara moja tu kwanza, halafu ndipo niufute? Nishauri, na usinionee huruma, maana nikiuangalia hiyo mara moja najijua mimi, nitaomba punguzo.